Bodi ya saketi ya nyumbani kwa karatasi ya kuhamishia tona: dalili, sababu na marekebisho

Anayetengeneza bodi ya saketi nyumbani kwa karatasi ya kuhamishia anategemea tabia moja ya printa ya leza: wino wake, yaani tona, si majimaji bali ni unga wa plastiki uliochanganywa na rangi nyeusi. Unga huo ukipata joto hulainika na kunata, na ukipoa huwa ngozi ngumu ambayo kemikali ya kula shaba haiipenyi. Mchoro huchapwa kwenye karatasi laini, karatasi hulazwa kifudifudi juu ya bodi yenye shaba, pasi hukandamizwa juu yake, tona huhamia kwenye shaba, kisha shaba iliyobaki wazi huliwa ndani ya beseni. Kwa sababu hiyo hiyo printa ya wino wa maji haifai kabisa kwa kazi hii, hata kama karatasi ni ya bei ghali.

Karibu kila kasoro inayoonekana ndani ya beseni ilizaliwa mapema zaidi, wakati wa kusafisha shaba, kuchapa au kupiga pasi. Kabla bodi haijagusa kemikali, kosa lolote hufutika kwa asetoni na pamba, na hasara ni karatasi moja. Baada ya hapo hasara ni bodi nzima. Kwa hiyo, unapoona dalili yoyote kati ya zilizoelezwa hapa chini, rudi nyuma hatua moja badala ya kusonga mbele kwa matumaini.

Tona imebaki kwenye karatasi, au imeshika mabaka mabaka

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila anayeanza, na watu wengi hukimbilia kuilaumu pasi ilhali kosa liko kwenye shaba. Shaba inayong'aa si lazima iwe safi, kwa kuwa mafuta ya ncha ya kidole hayaonekani kwa macho lakini yanatosha kuizuia tona isishike. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kifaa. Sugua shaba kwa stilwaya laini au kwa msasa wa namba 600 hadi 1000, kwa mwendo wa duara, ili uso upate mikwaruzo midogo ya kushikilia tona. Osha kwa sabuni ya kuoshea vyombo, suuza, kisha inamisha bodi. Maji yakitanda kama utando mmoja usiokatika, shaba ni safi. Yakijikusanya kuwa matone, mafuta bado yapo na kazi ya kusugua haijaisha. Bodi ikikauka ifute kwa asetoni au spiriti, na tangu hapo ishike kwa kingo tu. Sponji za chuma zinazouzwa zikiwa na sabuni ndani yake ziepukwe, kwa kuwa huacha utando.

Ikiwa shaba imepita kipimo hicho na tona bado haishiki, sasa itazame pasi. Hakikisha haina tone la maji ndani na kwamba sehemu ya mvuke imefungwa, kisha weka kidhibiti joto kwenye alama ya pamba au kitani. Mahali ambapo umeme hushuka jioni, pasi huchelewa sana kupata moto: pasi ya wati 1000 iliyotengenezwa kwa volti 230 hubaki na wati 600 hivi umeme unaposhuka hadi volti 180, na bodi ya shaba hunyonya joto lake haraka kuliko inavyolirudisha. Dawa yake si kubonyeza kwa nguvu zaidi bali ni kusubiri taa ya pasi izime, na ikiwezekana kufanya kazi hiyo asubuhi.

Mabaka yenyewe yana habari. Mabaka ya duara yaliyopangwa kwa safu ni matundu ya mvuke yaliyo kwenye kitako cha pasi, na hutoweka ukiisogeza pasi kila baada ya sekunde kadhaa badala ya kuiacha imetulia mahali pamoja. Tona ikishika katikati na kukosa kushika pembeni, maana yake kingo hazikupata mgandamizo. Pitisha ncha ya pasi kando zote nne, na kama bodi ilikatwa kwa msumeno ikabaki na ukucha wa shaba ulioinuka, upige tupa kwanza, kwa sababu ukucha huo huinyanyua karatasi. Chini ya bodi weka ubao ulio bapa. Sakafu ya saruji na meza ya chuma hunyonya joto, na blanketi laini hubonyea.

Kwa bodi ya sentimita 5 kwa 7, dakika 2 hadi 4 za kukandamiza huwa zinatosha. Wapo wanaotumia pasi ya mkaa pale ambapo umeme haupo, na uzito wake kwa kweli ni msaada, ila haina kidhibiti cha joto na majivu yake huanguka mahali yasipotakiwa. Ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha bodi kisicho na kazi.

Ujanja mmoja unaosaidia kuliko unavyotarajiwa ni kuipasha bodi tupu chini ya karatasi ya kawaida kwa nusu dakika, kisha kuilaza karatasi yenye mchoro juu ya shaba iliyokwisha pata moto. Tona hunata papo hapo na karatasi haitelezi tena. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna nafasi ya kuisogeza ukiiweka vibaya.

Sababu ya tatu ni tona yenyewe. Wengi wetu hatuna printa nyumbani, tunachapa steshenari, na mashine ya steshenari mara nyingi imewekwa kwenye hali ya kubana matumizi ya wino. Inua karatasi iliyochapwa kuelekea kwenye mwanga: njia, yaani mistari itakayobaki kuwa shaba ya kupitisha umeme, zikionyesha mwanga katikati, tona ni nyembamba mno na hakuna pasi itakayoiokoa. Omba hali ya kubana wino izimwe na weusi uongezwe hadi mwisho. Usitoe nakala ya fotokopi kutoka kwenye karatasi nyingine iliyokwisha chapwa, kwa maana kila nakala hupunguza ukali wa kingo na hubadilisha vipimo kidogo. Hakikisha pia kuwa mashine inayotumika ni ya leza, kwani mhudumu asiyejua unachotaka atachapa kwenye iliyo karibu.

Sababu ambayo ni nadra, lakini ipo, ni printa ambayo tona yake huyeyuka kwa joto kubwa kuliko lile ambalo pasi ya nyumbani hulitoa. Ukiwa umesafisha vizuri, umechapa kwa weusi kamili, umepiga pasi kwa joto la juu na bado karatasi inatoka na mchoro wote, badilisha printa kabla ya kubadilisha kitu kingine. Wengine huhamia kwenye mashine ya kulaminishia vitambulisho, nao hupitisha bodi humo mara nyingi mfululizo hadi ipate moto. Bodi nyembamba ya milimita 0.8 hupita kwa urahisi kuliko ile ya kawaida ya milimita 1.6. Usiifungue mashine hiyo ili kuondoa fyuzi ya joto au kuunganisha waya kwa nia ya kuiongezea moto. Fyuzi hiyo ndiyo inayozuia moto wa kweli, na kazi ya namna hiyo ni ya fundi umeme, si ya mpenda saketi.

Pasi inayotekenya mkono kwa umeme, yenye waya uliochunika au inayonuka plastiki iliyoungua izimwe ukutani na isitumike tena mpaka fundi aione.

Karatasi haibanduki, au imeacha nyuzi kati ya njia

Mara nyingi kosa hapa ni haraka. Kila aina ya karatasi ina namna yake ya kuondolewa, na kutumia namna ya aina nyingine huharibu kazi iliyokuwa nzuri. Karatasi ya jarida inayong'aa na karatasi ya picha hulowekwa: bodi huachwa ipoe kidogo, huwekwa kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni kwa dakika 10 hadi 20, kisha karatasi husuguliwa kwa kidole gumba tabaka baada ya tabaka. Karatasi ya njano inayouzwa maalumu kwa kazi hii ina uso unaoteleza. Hailowekwi, bali huachwa ipoe kabisa na kubanduliwa taratibu kuanzia pembeni. Ukiibandua ingali ya moto, tona iliyolainika hugawanyika, nusu hubaki huku na nusu kule. Zipo pia karatasi zenye tabaka la wanga, ambazo hujitenga zenyewe zikiwekwa majini.

Karatasi iliyolowekwa ikigoma, irudishe majini. Usitumie kucha wala kisu. Baada ya tabaka kubwa kutoka, uso wa bodi huonekana safi ukiwa umelowa, lakini ukikauka huota weupe. Weupe ulio juu ya tona hauna madhara yoyote, na hauhitaji kuhangaikiwa. Weupe ulio kati ya njia, hasa katikati ya pedi (madoa ya shaba ambako miguu ya vipande hulehemiwa) za IC, yaani chipu yenye miguu mingi, ambako nafasi ni ndogo, ni nyuzi na chokaa ya karatasi, na kemikali haitakula shaba iliyo chini yake. Matokeo yake ni njia mbili zilizoungana. Sugua sehemu hizo kwa mswaki wa zamani chini ya bomba, kausha, tazama kwa kioo cha kukuza, rudia. Siki nyeupe husaidia pale ambapo tabaka la karatasi ni la chokaa. Tundu dogo la katikati ya kila pedi nalo lisafishwe kwa ncha ya sindano, kwani ndilo litakaloongoza biti ya keekee baadaye.

Tahadhari moja kuhusu karatasi za picha: nyingi zimetengenezwa kwa printa za wino wa maji, na baadhi zina utando wa plastiki unaoyeyuka ndani ya printa ya leza na kugandamana na rola yake ya moto. Jaribu kipande chini ya pasi kwanza. Kikinata kwenye pasi, kisiingie kwenye printa. Karatasi ikikwama ndani na harufu ya kuungua ikasikika, zima printa na muite fundi wa printa. Sehemu hiyo hufika joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selisiasi na haichokonolewi kwa kibano.

Njia zimekatika au zina vitundu

Vitundu vidogo kama ncha ya pini hutokana na vumbi kwenye shaba, tona hafifu, au maeneo makubwa meusi. Hili la mwisho huwashangaza watu: printa nyingi za leza huchapa kingo kwa weusi mzito na katikati ya eneo pana kwa weusi mwepesi, kwa hiyo eneo kubwa la shaba ya ardhi, yaani shaba pana inayorudisha umeme kwenye chanzo, hutoka na madoa ilhali njia nyembamba zimetoka vizuri. Badala ya eneo lililojaa, chora wavu.

Vitundu vichache huzibwa kwa kalamu ya maka isiyofutika, tabaka mbili, ya kwanza ikiwa imekauka kabla ya ya pili. Njia iliyokatika huchorwa vivyo hivyo. Ila ikiwa zaidi ya njia nne au tano zinahitaji kuchorwa kwa mkono, futa bodi nzima kwa asetoni uanze upya. Muda wa kuchora ni mrefu kuliko muda wa kurudia, na mkono haulingani na printa. Kiondoa rangi ya kucha kitafaa tu kama kina asetoni. Kifutie mbali na pasi na jiko, madirisha yakiwa wazi, kwa sababu mvuke wa asetoni hushika moto kwa urahisi sana.

Sababu ya ndani zaidi ni mchoro wenyewe. Njia za milimita 0.2 huwezekana kwa mtu mwenye mkono uliozoea, lakini kwa bodi za mwanzo upana wa milimita 0.5 na nafasi ya milimita 0.4 kati ya njia huondoa nusu ya matatizo yaliyotajwa humu. Njia za kupeleka umeme zipewe zaidi: kwenye shaba ya kawaida ya unene wa mikroni 35, njia ya upana wa milimita 1 hubeba ampea 2 hivi bila kupata joto kubwa.

Njia zimenenepa, zimesambaa au zimegusana

Karatasi ikiwa imegeuka rangi ya kahawia, joto au muda ulizidi. Mchoro ukiwa na kivuli, yaani mistari miwili mahali pa mmoja, karatasi iliteleza. Kwa tatizo la kwanza punguza joto alama moja, na kwa la pili ibandike karatasi nyuma ya bodi kwa utepe unaostahimili joto, au tumia ule ujanja wa kuipasha bodi kwanza. Kandamiza moja kwa moja kuelekea chini. Mwendo wa kunyoosha nguo haufai hapa. Daraja dogo la tona kati ya pedi mbili laweza kukwanguliwa kwa ncha ya wembe kabla ya beseni.

Bodi za rangi ya kahawia, zilizotengenezwa kwa karatasi na gundi ya fenoli, hupinda na kutoa malengelenge zikizidishiwa moto, tofauti na zile za nyuzi za kioo. Shaba ikivimba, bodi hiyo imekwisha.

Mchoro umegeuka, au IC haiingii

Maandishi ndiyo kipimo. Yaliyo kwenye karatasi lazima yasomeke kinyume, ili yakihamia kwenye shaba yasomeke sawa. Programu za kuchora bodi huionyesha shaba ya chini kana kwamba unaitazama kupitia bodi kutoka juu, kwa hiyo kwa vipande vya miguu mirefu shaba hiyo huchapwa kama ilivyo, bila kugeuzwa. Shaba ya juu, inayobeba vipande vidogo vya kulehemu juu kwa juu, ndiyo hugeuzwa. Weka neno fupi kwenye kila mchoro na ubishi utaisha.

Ukubwa nao huharibika wakati wa kuchapa, pale mashine inapoachwa ipunguze ukurasa ili uingie kwenye karatasi. Agiza asilimia 100. Miguu ya IC hupishana milimita 2.54, kwa hiyo kwenye IC ya miguu 40 mguu wa kwanza hadi wa mwisho wa upande mmoja ni milimita 48.26, ukurasa uliopunguzwa hadi asilimia 96 huleta milimita 46.3, tofauti ambayo haionekani kwa jicho lakini inazuia kipande kuingia. Ilaze IC yenyewe juu ya karatasi kabla ya kuondoka steshenari.

Kemikali haili shaba, inakula polepole, au inakula chini ya tona

Kabla ya kutafuta sababu, hakikisha masharti ya usalama yametimizwa: miwani ya kukinga macho, glovu za mpira, beseni la plastiki au kioo, na mahali penye hewa. Feriki kloridi, kemikali ya kawaida ya kula shaba, hutoboa vyombo vya alumini, huharibu masinki ya chuma, na doa lake halitoki kwenye nguo. Unapoichanganya, mimina kemikali kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu ya kemikali kavu, kwa kuwa huchemka ghafla. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha na uende hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Kwa shaba isiyoliwa, sababu ya kawaida ni baridi. Feriki kloridi mpya kwenye joto la chumba la nyuzi 25 huchukua nusu saa hivi; kwenye nyuzi 40 hadi 45 muda huo hupungua kwa nusu au zaidi. Anayefanya kazi Dar es Salaam au Mombasa huenda asilione tatizo hili, lakini mwenzake wa Iringa au Limuru katika Julai hulipata kila asubuhi. Weka beseni dogo lenye kemikali ndani ya beseni kubwa lenye maji ya moto. Usilipashe jikoni moja kwa moja, na usitumie sufuria itakayopikiwa tena.

Sababu inayofuata ni kutotikiswa. Shaba iliyoliwa huacha tope linaloziba njia ya kemikali mpya, kwa hiyo beseni litikiswe taratibu muda wote, au bodi ielekezwe chini ili tope lianguke. Kisha angalia rangi: kemikali iliyokuwa ya kahawia nyekundu ikigeuka kijani kilichoiva, imechoka, na kuongeza muda hakuisaidii. Visiwa vya shaba vinavyobaki mahali pale pale wakati kwingine kumekwisha ni alama ya nyuzi za karatasi au mafuta. Toa bodi, suuza, sugua kwa mswaki, irudishe.

Kuliwa chini ya tona ni tatizo tofauti, na husababishwa hasa na muda mrefu. Kemikali hula kuelekea chini na kuelekea pembeni kwa wakati mmoja, hivyo kila dakika ya ziada huipunguza njia kutoka kando zote mbili. Anayeona nusu ya bodi imekwisha huku nusu nyingine bado, na akaiacha nzima ndani akisubiri, atapoteza njia nyembamba za upande uliokwisha. Bora uishike bodi kwa koleo la plastiki na kuchovya upande uliochelewa peke yake. Tona inayong'oka yenyewe ndani ya beseni, kwa upande mwingine, ni kesi ya shaba iliyosafishwa vibaya, na bodi hiyo irudi mwanzo.

Sodiamu pasalfeti hutumiwa na wanaotaka kuiona bodi ndani ya kemikali, kwa kuwa huwa angavu na kugeuka buluu kadiri inavyokula. Nayo hupenda joto la nyuzi 40 hadi 50. Mchanganyiko huo ukihifadhiwa usifungwe kwa kifuniko kisichopitisha hewa, maana hutoa oksijeni na chupa yaweza kupasuka. Ama mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na haidrojeni peroksaidi, ambao husifiwa kwa kasi yake, mimi siushauri kwa mtu anayefanyia kazi chumbani. Hutoa mvuke unaochoma mapafu na kutia kutu vyuma vyote vilivyo karibu. Na kemikali yoyote kati ya hizi isikutane na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Ukisikia harufu kali inayobana kifua, acha kila kitu, toka nje, na usirudi kuokoa bodi.

Kemikali iliyochoka haimwagwi kwenye sinki, choo wala mfereji. Shaba iliyoyeyuka humo huua samaki hata ikiwa kidogo sana. Ihifadhiwe kwenye chupa ya plastiki iliyoandikwa jina lake kwa herufi kubwa, na kamwe isiwe chupa ya maji ya kunywa au soda, kwa sababu feriki kloridi ndani ya chupa ya soda ina rangi ya soda na watoto hawasomi lebo. Iliyomwagika sakafuni hutulizwa kwa maji ya magadi kabla ya kufutwa. Kwa kiasi kilichojaa madumu, tafuta mkusanyaji wa taka hatari mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi yako, kwa mfano NEMA kwa Kenya.

Pedi zinang'oka, au lehemu haishiki

Lehemu isiyoshika ina maana tona au oksidi imebaki. Futa tona yote kwa asetoni, piga stilwaya kidogo, na kama hutalehemu siku hiyo paka ulimbo wa msonobari ulioyeyushwa kwenye spiriti. Hukinga shaba na hurahisisha kulehemu.

Pedi hung'oka kwa sababu tatu, ya kwanza ikiwa ni joto la muda mrefu. Chuma cha kulehemu cha nyuzi 320 hadi 360 kiguse pedi kwa sekunde 2 au 3, si zaidi. Ya pili ni pedi ndogo: bodi ya nyumbani haina bomba la shaba ndani ya tundu kama bodi ya kiwandani, kwa hiyo pedi hushikiliwa na gundi tu, nayo inahitaji upana wa milimita 1.8 au 2. Ya tatu ni biti butu, inayonyanyua shaba badala ya kuikata. Nyuzi za kioo humaliza makali ya biti za chuma cha kawaida upesi. Zile za kabaidi hudumu, lakini huvunjika mkono ukitikisika, kwa hiyo zinataka keekee iliyofungwa kwenye stendi. Milimita 0.8 hutosha kwa IC na rezista ndogo, milimita 1 kwa pini za viunganishi na diodi za 1N4007. Vumbi la nyuzi za kioo lisivutwe. Vaa barakoa na ufute kwa kitambaa chenye maji, usipulize.

Bodi ni nzuri machoni lakini saketi haifanyi kazi

Usiwashe tena. Weka multimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye alama ya mlio, ambayo hulia ncha zake zikiunganishwa na shaba isiyokatika, na upime kila njia kutoka mwisho hadi mwisho, kisha kila pedi na jirani yake. Kazi hii ilipaswa kufanyika kabla ya kulehemu chochote, na huchukua muda mfupi kuliko kubadilisha IC moja iliyoungua. Njia isiyolia imekatika mahali. Iinamishe bodi kwenye mwanga mkali utaona ufa mwembamba, uufunike kwa lehemu na kipande cha waya. Pedi mbili zinazolia bila kuunganishwa kwenye mchoro zina unywele wa shaba kati yake, ambao hukatwa kwa wembe. Zote zikiwa sawa, tazama uelekeo wa diodi, kapasita na IC kabla ya kuushuku mchoro.

Yote haya ni kwa bodi za volti ndogo, yaani betri, chaja ya simu na mengineyo ya namna hiyo. Bodi inayopokea umeme wa ukutani wa volti 230 au 240 ni kazi nyingine. Nafasi ya milimita 0.4 inayotosha saketi ya betri haitoshi hapo. Kati ya upande wa umeme mkubwa na upande unaoguswa na mtu huachwa milimita 6 hadi 8, na unywele mmoja wa shaba uliosahaulika, au nyuzi za karatasi zilizonyonya unyevu, zaweza kuleta moto au kifo. Ikiwa saketi yako inahitaji umeme huo, nunua adapta iliyokamilika itoe volti ndogo na bodi yako ianzie hapo. Ikiwa haiwezekani, mpe mchoro fundi wa elektroniki mwenye sifa aukague, na bodi yenyewe iagizwe kiwandani.